Jeli ya Baridi

Mtoto halii kwa jeli yangu. Hilo nataka lijulikane mapema, maana katika haya nitakayosimulia nitajiumbua vya kutosha, na angalau sifa hii moja niachiwe.

Mashine ya altrasaundi ya chumba chetu cha dharura haioni bila jeli. Unaipaka kwenye ngozi, unaweka juu yake kichwa cha mashine, kile kinachoshikwa mkononi, na picha ya ndani ya mwili inatokea kwenye skrini palepale kitandani, mgonjwa hajapelekwa popote. Sasa jeli kwa asili yake ni baridi. Mpake mtu mzima tumboni, atakunja uso na kunyamaza kwa kulinda heshima yake. Mpake mtoto wa miaka miwili, atapiga yowe, atarusha miguu, atameza hewa mpaka tumbo limvimbe, na daktari hataona kitu. Kwa hiyo chupa yangu mimi naishi nayo kwapani. Nikiingia zamu asubuhi naibana upande wa kushoto, ndani ya sare, imeshikwa na ukanda wa sidiria, na inakaa huko mpaka ihitajike. Ndiyo sababu wananiita Mama Jeli. Wapo wanaosema, nikishageuza mgongo, kwamba jeli yenyewe imekolea jasho langu. Na waseme. Watoto wao wakiletwa hapa hawalii.

La pili: nina mdomo. Sikatai. Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na miwili, na chumba cha dharura cha watoto hakiendeshwi kwa kunong'ona. Kitanda kisipotandikwa, nasema. Mfuko wa kupumulia usiporudishwa mahali pake, nasema, na aliyeutoa atanisikia hata akiwa chooni. Mume wangu huniambia kazini wananivumilia kwa sababu wanalipwa, yeye ananivumilia bure.

Basi kulikuwa na sheria yangu ya kugandisha. Mashine yetu si changa. Kichwa chake kikiachwa kinafanya kazi bure, bila mgonjwa, kinapata moto, na kikiungua hatuna kingine. Fundi aliyekuja kuitazama alituelekeza jambo jepesi: mkimaliza, bonyezeni kitufe cha kugandisha. Picha inasimama pale ilipo, kichwa kinapumzika. Ukitaka kuanza tena, unabonyeza kitufe kilekile, picha inafunguka na kuanza kwenda. Nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika tangazo, nikalibandika kwa plasta ubavuni mwa mashine: UKIMALIZA, GANDISHA. KICHWA KIPUMUE. ASIYESIKIA ATAKUTANA NA MIMI. Walicheka sana, lakini waligandisha, na kichwa kile kikadumu.

Tangazo langu lilimwambia mtu afanye nini akimaliza. La kufanya akianza halikuwepo. Kila mtu pale alilijua, na mimi sikuona haja ya kuandika kitu ambacho kila mtu anakijua.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu asubuhi ni siku ya mafunzo. Anayetufundisha ni daktari bingwa wa watoto, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na kila siku anazitafuta zote mbili. Tunamwita Mwalimu. Siku hiyo alitaka kutuonyesha moyo, akaomba mtu alale kitandani. Wenzangu wote wakaanza kutazama dari kana kwamba wameisikia inavuja. Nikaona aibu kwa niaba yao, nikalala mimi.

Mwalimu akaniwekea kichwa cha mashine chini ya titi la kushoto, na moyo wangu ukatokea kwenye skrini, mkubwa, unapiga. Akawaonyesha kuta zake na milango yake inavyofunguka na kufunga. Akawaonyesha namba iliyo pembeni, kumi na sita, akasema hiyo ndiyo kina: mashine inatazama sentimita kumi na sita ndani ya mtu. Kwa mtoto mdogo mnapunguza sana, akasema, kifua chake hakina kina hicho. Kisha akaonyesha kiuzi cheupe kilichokatiza ndani ya moyo wangu, kutoka ukuta huu hadi ule, kama kamba ya kuanikia nguo. Nikashtuka. Akaniambia nitulie, watu wengi tu wanazaliwa nacho na hakimdhuru mtu. "Huu ni moyo wa mtu mwenye hasira," akawaambia, "lakini unafanya kazi kuliko nyinyi wote." Walicheka mpaka nikawatisha kwamba nitanyanyuka.

Mwalimu akaitwa kwenye kikao. Wenzangu wakatawanyika. Mimi nikakishika kichwa cha mashine palepale kifuani, nikagandisha, ndipo nikajifuta jeli, nikafunga vifungo vya sare na kukifuta. Nilibonyeza mwenyewe, kwa kidole hiki.

Siku hiyohiyo tulipata daktari mpya. Mpya kwetu, si mpya wa kazi. Alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kumvizia masikioni, ametumikia hospitali nyingine miaka mingi kabla ya kuhamishiwa kwetu. Alivaa tai kwenye joto lile, na ncha ya tai ameichomeka ndani ya shati katikati ya vifungo ili isiguse wagonjwa. Kufika saa nne tulikuwa tumeshambatiza jina, Daktari Tai. Mafunzo yalimpita kwa sababu alikuwa ofisini anasaini makaratasi ya uhamisho. Nilimpenda, sitasema uongo. Aliwasalimia wafagiaji kabla ya kutusalimia sisi, na alinawa mikono bila kukumbushwa.

Saa tano kasoro dakika chache bibi mmoja akaingia. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, na alikuwa amekuja kwa mwendo ule wa wanawake wa umri wake, hakimbii ila anaharakisha mpaka viatu vinalalamika. Hakusalimia. Alisema, "Mke mwenzangu hanijibu."

Nilimwelewa. Babu akimwita mjukuu wa kike mke wangu, bibi naye anabaki na mke mwenza, ndivyo utani ulivyo. Nilimfungua mbeleko huku ananieleza: miaka mitatu na miezi, anaharisha na kutapika tangu juzi, mama yake yuko kazini mji mwingine, usiku alikuwa anaomba maji na asubuhi aliacha kuomba. Walipotoka nyumbani alikuwa bado anaguna. Njiani alinyamaza. Nikamuuliza amenyamaza tangu lini. Karibu saa nzima, akasema.

Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyopaswa kuwa. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka mpaka imepasuka, na mikono ilikuwa ya baridi hadi kwenye viwiko. Nilipomlaza, kichwa kilianguka upande. Lakini naapa niliona kidevu kikicheza, mara moja tu, kama cha samaki aliyetolewa majini. Nikamwekea barakoa, nikaanza kumpa hewa kwa mfuko huku naita daktari. Mhudumu akamshika bibi bega na kumkalisha upande wa pili wa pazia.

Daktari Tai alifika kabla sijamaliza kuita. Alitafuta mapigo shingoni, mkononi, kwenye paja. Vidole vyake vilitulia kila mahali muda unaotakiwa, wala hakubabaika. Hakupata kitu. Akaanza kumbonyeza kifuani kwa mkono mmoja, anahesabu kwa sauti ndogo, mimi nampa hewa. Baadaye akasema, "Mashine."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye barakoa na mfuko, kwa hiyo niliivuta mashine kwa mguu. Jeli ya moto ilikuwa kwapani mwangu na sikuweza kuitoa. Yeye alichukua chupa ya akiba kwenye toroli, iliyolala pale chini ya kiyoyozi tangu asubuhi, akammiminia mtoto kifuani tone kubwa. Nilikunja uso mimi. Mtoto hakutikisika. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana nimeona watoto wanaumwa hoi, hawana hata nguvu ya kufumbua macho, lakini jeli ya baridi huwa inawapata.

Akaweka kichwa cha mashine. Kwenye skrini ulikuwepo moyo, umetokea vizuri, kila ukuta unaonekana. Na ulikuwa umetulia tuli. Daktari Tai aliutazama kwa muda wa pumzi tatu au nne, nami niliutazama kwa kuibia.

"Moyo umesimama," akasema.

Hakusema kwa nguvu, lakini pazia ni kitambaa tu. Upande wa pili sikusikia kilio. Nilisikia kiti kikikokotwa sakafuni, kisha viatu vikielekea kwenye korido. Daktari Tai akainua macho kutazama saa ya ukutani. Nimeshaona madaktari wengi wakiitazama saa ile, na najua wanaitazama kwa sababu gani.

Akaniambia, "Sista, inatosha. Amefika ameshachelewa."

Sikuacha. Ningependa kusema nilijua kitu, lakini sikujua. Ulikuwa ubishi wangu tu, ule unaomchosha mume wangu. Niliendelea kuminya mfuko, nikamwambia kidevu kilicheza. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionikera, kwamba pengine mikono yangu ndiyo iliyomtikisa wakati namlaza. Huku anasema hivyo akainua kichwa cha mashine kutoka kifuani kwa mtoto, akachukua pamba, akaanza kukifuta. Sikutaka kumtazama usoni. Nikatazama skrini.

Kichwa kilikuwa mkononi mwake, hewani, kimefunikwa na pamba. Na moyo bado ulikuwa kwenye skrini.

Ukiinua kichwa kwenye ngozi, picha inapotea. Inabaki michirizi na kiza, hakuna asiyejua hilo. Nikaona namba pembeni, kumi na sita. Nikaona katikati ya moyo kiuzi cheupe kimekatiza kutoka ukuta huu hadi ule. Mwili wote ukanisisimka, maana kamba ile ya nguo nilikuwa nimeonyeshwa asubuhi, nikiwa nimelala kwenye kitanda hichohicho.

"Dokta," nikasema, "huo ni moyo wangu."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili, na akafungua mdomo kunituliza. Sikuwa na muda wa kutulizwa. Niliachia mfuko, nikanyoosha mkono juu ya mtoto, nikabonyeza kitufe. Moyo wangu ukatoweka. Skrini ikawa nyeusi yenye michirizi, kama inavyotakiwa kuwa wakati kichwa kiko hewani.

"Rudisha," nikamwambia, na sikusema tafadhali.

Alirudisha. Mwanzoni hatukuona kitu, kina kilikuwa kingi mno. Akakipunguza, akakipunguza tena, akasogeza kichwa kidogo chini ya mfupa wa kifua. Na ukatokea. Ulikuwa mdogo, saizi ya limau, na ulikuwa unakwenda. Ulikuwa unakwenda mbio, unajifumba na kujifungua, unajifumba na kujifungua, mtoto hana habari, sisi hatuna habari, wenyewe uko kazini.

Sijui nilisema nini. Mhudumu anasema nilimtaja Mungu mara tatu na mara ya nne nikatukana. Sikumbuki. Nilikuwa nimeshaurudia mfuko wangu na machozi yananidondoka juu ya barakoa.

Daktari Tai hakulia. Aliinama karibu na skrini na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu mwenye kazi. "Tazama kuta zinavyogusana. Mtupu. Hauna kitu cha kusukuma." Hata mimi niliona. Kila ulipojifumba, kuta zilikutana kabisa, hakuna hata nafasi nyeusi katikati, na ile nafasi nyeusi ndiyo damu. Mtoto alikuwa amekaukiwa maji. Moyo ulikuwa mzima, ila ulikuwa unapiga hewa tupu, na mapigo ya namna hiyo hayafiki kwenye vidole vya daktari hata awe mahiri kiasi gani.

Kutafuta mshipa kwenye mkono ule kungekuwa kupoteza muda. Aliirusha tai yake begani, akachukua sindano ya kupitishia maji ndani ya mfupa, akaipitisha chini ya goti kwa mara moja. Mtoto aliguna. Kidogo, kama mtu anayesumbuliwa usingizini, lakini aliguna, na mimi na Daktari Tai tulitazamana. Tukaanza kusukuma maji kwa bomba la sindano, bomba baada ya bomba. Mhudumu alimtoboa kidole kupima sukari, ilikuwa chini sana, akapewa na sukari. Na muda wote huo kichwa cha mashine kilikuwa kinarudi kifuani, nasi tunatazama. Baada ya mzunguko wa kwanza, kati ya kufumba na kufungua, nikaona kinafasi cheusi kimejitokeza. Baada ya wa pili kikapanuka. Mapigo yakapungua kasi, kama mtu aliyekuwa anakimbia na sasa ameona nyumbani.

Daktari Tai akaweka vidole kwenye paja la mtoto, akafumba macho. "Mpigo uko hapa," akasema. "Mwembamba, lakini uko."

Muda mfupi baadaye nilihisi mfuko unanikatalia mkononi. Nilipominya, kifua kilikuwa kimeshajaa. Mtoto alikuwa anavuta hewa mwenyewe, na hewa yangu inamwingilia. Nikaacha kuminya, nikabaki nimeshika barakoa tu.

Ndipo nikamkumbuka bibi. Katika hekaheka zote zile hakuna aliyekwenda kumwambia.

Nilimkuta kwenye benchi la korido. Mbeleko alikuwa ameikunja vizuri magotini, pembe kwa pembe, na juu ya mbeleko kulikuwa na simu, na simu ilikuwa inaita. Aliitazama tu. Ikakata, ikaanza tena.

Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba ni mzee wake. Alimpigia kumwambia, mzee akapokea, akauliza mke wangu mdogo anaendeleaje, na yeye akakata simu. Tangu hapo mzee anapiga. "Nitamwambia nini?" akasema. "Nimwambieje yule mzee?"

Nikapiga magoti pale sakafuni. Nikamwambia mjukuu wake yuko hai, moyo unapiga, anavuta hewa mwenyewe.

"Nilisikia kwa masikio yangu."

"Ulisikia kweli, Mama. Tulikosea."

Ningeweza kuishia hapo. Neno tulikosea lina nafasi, linaweza kubeba watu wengi, na hakuna ambaye angenidai zaidi. Lakini alikuwa ananitazama mdomoni kama anayesubiri nigeuze kauli tena, na nikaona huyu mwanamke hawezi kuamini nusu ya jambo. Nikamweleza lote. Kwamba daktari hakuutazama moyo wa mtoto, alitazama picha ya zamani. Kwamba picha ile ilikuwa ya moyo wangu, nimepimwa asubuhi katika kujifunza. Kwamba aliyeigandisha ni mimi, na sheria ya kugandisha ni yangu, na mgeni hakuambiwa, na wa kumwambia nilikuwa mimi. Nilikuwa naongea haraka na nilijisikia naongea haraka. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi mdomo wangu ulikuwa unanipeleka mahali nisikotaka.

Bibi akanyoosha mkono akauweka kifuani pangu, juu ya sare, upande ule wa chupa.

"Wako unapiga?"

"Unapiga, Mama. Unakwenda mbio."

Aliuacha mkono pale muda mrefu kidogo. "Sista," akasema, "umeniua na umenifufua ndani ya nusu saa. Ngoja nipumue kwanza. Kukasirika nitakasirika baadaye." Akasimama, akaninyanyua, akapangusa vumbi la magotini pangu kwa mbeleko yake kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Nipeleke kwa mke mwenzangu."

Tulipoingia, Daktari Tai alikuwa ameshika mkono wa mtoto, anahisi mapigo bila hata kutazama. Tai ilikuwa bado mgongoni. Alisimama wima mbele ya bibi akamwambia neno alilolisema alilisema kabla ya kuhakikisha, na anaomba radhi. Bibi akamjibu kwamba naye yuko kwenye foleni, atamkasirikia akimaliza na mimi. Kisha akainama kwa mjukuu wake na sisi hatukuwepo tena.

Mimi na daktari tukabaki pembeni ya mashine. Akaniambia kwa sauti ya chini kitu ambacho sikutegemea mwanaume wa tai akiseme. Alisema alipoweka kichwa kifuani, picha ilikuja nzuri mara moja, na kwa kawaida inachukua muda kuipata. Hilo peke yake lingetosha kumshtua. "Lakini nikajisifu, Sista. Nikasema moyoni, mkono wangu bado mzuri." Nikamwambia asijali, moyo wenyewe ulikuwa mzuri, ndiyo maana alichanganyikiwa. Tulicheka kicheko cha watu waliokoswakoswa na gari, cha kushikana mikono, na mhudumu akatutazama kwa wasiwasi.

Mwalimu alikuja kikao kilipokwisha. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama kama mwanafunzi. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alikwenda ubavuni mwa mashine, akalibandua tangazo langu taratibu ili plasta isichane, akaligeuza upande mweupe, akanipa kalamu. Niliandika kwa herufi kubwa kuliko za kwanza: UKIANZA, FUNGUA PICHA. INUA KICHWA, TAZAMA KAMA INAPOTEA. NDIPO UMGUSE MTOTO. Pale chini sikuandika kwamba mtu atakutana na mimi. Mwalimu akasoma kwa miwani moja, kisha kwa nyingine, akasema linabandikwa mbele, juu ya skrini. Akasema pia mtoto apimwe moyo mara moja zaidi kabla ya kupelekwa wodini, tuone maji yamemtosha au yamezidi.

Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Mtoto alikuwa amelala, usingizi wa kweli sasa, midomo imepata rangi. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Lakini alikuwa hajafumbua macho, hajasema neno, na bibi alikuwa amemwita kwa kila jina la utani analolijua. Alimwambia ainuke wagombane. Alimwambia akiendelea kulala mzee atakuwa wake peke yake. Hakuna jibu. Najua watoto wa namna hii wanachoka, wanalala, ni kawaida, na Daktari Tai alimweleza bibi hivyo kwa sauti ya uhakika. Ila nilimwona anavyoutazama uso wa yule mtoto, nikajua naye roho yake iko mkononi. Ubongo uliokaa muda mrefu na damu haba hatuna namna ya kuuchungulia kwa kichwa cha mashine.

Simu ya bibi ikaanza kuita tena. Safari hii aliishika mkononi, hakupokea, hakukata. Alisema atapokea akiwa na la kusema.

Daktari Tai alibonyeza kitufe, picha ikafunguka. Akainua kichwa juu, skrini ikawa kiza, akanionyesha niione, nikaitikia. Kisha akanyoosha mkono upande wangu. Wenzangu walikuwa wameshampa habari zangu, na alikuwa anaomba jeli ya kwapani.

Nilikuwa nayo, ya moto kabisa. Nimejivunia chupa ile miaka yote hiyo. Nikageuka, nikachukua ya kwenye toroli, ya chini ya kiyoyozi, nikampa hiyo.

Alihisi baridi yake vidoleni akanitazama. Nikamwambia, "Mpake, Dokta."

Tone likaanguka kifuani. Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu. Kisha paji la uso likajikunja, mdomo ukapinda, mikono miwili ikaja juu kusukuma mkono wa daktari, na mtoto akafumbua macho na kulia. Hakulia kinyonge. Alilia kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa, miguu inapiga shuka, mpaka wauguzi wa chumba cha pili wakachungulia kuona nani anamtesa mtoto kwa Mama Jeli.

"Bibi!" akalia. "Baridi!"

Nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa nikajifunika uso kwa viganja. Daktari Tai alikuwa anasema moyo uko sawa, umejaa, unafanya kazi, lakini alikuwa anajisemea peke yake, hakuna aliyekuwa anatazama skrini. Simu bado ilikuwa inaita. Bibi akaipokea, hakuiweka sikioni. Aliinyoosha juu ya kitanda, kwa mkono ulionyooka kabisa, akaishika hapo mtoto akilia chini yake.

Sauti ya mzee ilitoka nyembamba, imejaa woga, inauliza nani huyo analia, kuna nini huko, nani huyo.

"Mkeo," bibi akasema. "Amepakwa jeli ya baridi."